Pampu Iliyohitaji Vigelegele

Nchi yenyewe siitaji jina, na si kwa woga. Jina lake lilikuwa bado linasubiri muhuri. Lilipelekwa Wizarani mwaka wa uhuru, likapewa namba ya jalada, na tangu siku hiyo wananchi wakaambiwa wavute subira: jina liko njiani, likifika watajulishwa wao ni akina nani. Wimbo wa taifa ulipofika penye jina, watu walikohoa kwa pamoja, kwa heshima, kisha wakaendelea.

Wizara iliyoshika jalada hilo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote: Wizara ya Vifurushi, Uwazi na Mambo Yaliyofungwa. Mashine zote za nchi, tangu pampu za maji hadi mizani ya zahanati na kengele ya shule, ziliendeshwa na kompyuta, na kompyuta zote zilitumia mfumo wa Linux. Sasa programu huja kwa namna mbili. Ipo iliyokwisha pikwa: kifurushi kimefungwa, kompyuta inakimeza kama kilivyo, na binadamu akikichungulia haoni ila sifuri na moja. Na ipo mbichi, ndiyo chanzo: maneno yaliyoandikwa na watu, yanayosomeka mstari kwa mstari, ambayo mtu akiyatia kwenye kompyuta yake anajipikia mwenyewe, na akitaka kupunguza chumvi anapunguza.

Serikali ilipenda iliyopikwa. "Mwananchi kazi yake ni kula," alisema Waziri, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Pazi Makeke, siku ya kuzindua sufuria la mfano. "Mkimwona mwananchi anachungulia jikoni, jueni huyo hana njaa. Huyo ana ajenda."

Wananchi walipiga makofi. Makofi hayakuhitaji muhuri.

*

Pampu ya Kata ya Kisimani ilitunzwa na Mzee Ngwali, na Mzee Ngwali hakuwa mtu wa kupendeza. Salamu aliiitikia kama mtu anayerudisha kitu alichokutwa nacho. Shule aliishia darasa la nne, na la nne lenyewe alilitoka katikati, lakini miaka ishirini na miwili ya kukaa na pampu moja ilimfundisha amri tano za kompyuta yake, na alizijua kama mtu anavyojua sehemu ya kumkuna ng'ombe wake ili atulie.

Mkewe, Mwanakombo, alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma. Pampu ilisimama siku arubaini na moja ikingojea kifurushi, watu wakanywa maji ya mfereji, na kipindupindu hakikungojea kifurushi wala muhuri. Siku ya hitma ikaja barua kutoka Wizarani, imeandikwa kwa jina la marehemu: "Mteja mpendwa, kifurushi chako kiko njiani. Tafadhali usiondoke."

Barua ile Ngwali aliibandika ukutani kwenye kibanda cha pampu. Aliisoma kila asubuhi, kama wengine wanavyopiga mswaki.

Jambo jingine alilofanya kila asubuhi lilihusu ndoo. Kisimani, kama mahali pengine popote katika nchi ile, foleni ya maji ni ya ndoo, si ya watu. Unaweka ndoo yako, unakwenda zako sokoni, unarudi unaikuta palepale, au imesogezwa mbele kwa haki yake. Ndoo ni mtu. Hata wezi wa kata, walioiba mpaka kamba za kuanikia nguo, hawakuwahi kuigusa ndoo iliyo kwenye foleni. Basi Ngwali kila asubuhi aliitoa ndoo ya Mwanakombo, ya njano, yenye kipande cha kanga nyekundu kilichofungwa kwenye mpini, akaiweka ya kwanza. Watu waliiacha ijae. Hakuna aliyeuliza, na aliyetaka kuuliza alimtazama Ngwali usoni akabadili mawazo.

*

Kifurushi kipya kilikuja Jumamosi na bendi ya tarumbeta. Kilikuwa ndani ya flashi ndogo, flashi ilikuwa juu ya sinia, na sinia lilibebwa na Bwana Shembilu, Afisa Mfungaji Daraja la Kwanza, aliyekuwa anatembea kama bwana harusi anayeogopa kukanyaga zulia.

"Mzee, simama wima. Kifurushi kinapita."

"Miguu inaniuma. Kipite tu, nakiona."

Shembilu aliketi kwenye kompyuta. "Hili ni toleo la tisa. Kwanza tunaliondoa la nane, kwa heshima zote."

"Kwa nini usingoje la tisa likubali kwanza?"

"Kifurushi cha serikali hakikatai, Mzee."

Akaliondoa la nane kwa heshima zote. Pampu ikanyamaza. Akalitia la tisa, na kompyuta ikaandika kwa utulivu kwamba pampu toleo la tisa inahitaji kifurushi kingine kiitwacho salamu-za-kiongozi, na bila hicho haiwaki.

"Ninacho!" alisema Shembilu, akachomoa flashi ya pili. Kompyuta ikaandika kwamba salamu-za-kiongozi inahitaji vigelegele, toleo la tatu. Shembilu akapangusa jasho, akachomoa ya tatu. Kompyuta ikaandika kwamba vigelegele toleo la tatu inahitaji pampu, toleo la kumi.

Bendi ikaacha kupiga, mmoja mmoja.

"La kumi liko wapi?" aliuliza Ngwali.

"Linapikwa."

"Litaiva lini?"

Shembilu alishusha sauti. "Wapishi husimamisha kazi kila jengo lao likikosa maji."

"Wanatumia maji ya wapi?"

"Ya hapa."

Ngwali akaelekeza kidole kwenye kompyuta. "Rudisha la nane."

"La nane limeondolewa kwa heshima, Mzee. Kulirudisha ni kulivunjia heshima."

"Hivi wewe, pampu inataka vigelegele vya nini? Pampu inataka umeme na bomba."

"Hiyo ni pampu ya zamani. Hii ni ya kisasa."

Wanawake waliokuwa wamepanga ndoo zao walisikia, wakajaribu kusaidia. Waliingia kibandani watatu, wakaisimamia kompyuta, wakapiga vigelegele mpaka vumbi likadondoka darini. Shembilu aliwaambia kwa upole kwamba nia yao ni njema, lakini vigelegele vinavyotakiwa ni vile vilivyopikwa na Wizara, si hivi vya mdomoni.

Jumatatu watu watatu walilazwa zahanati kwa kuhara. Wote walikuwa wamekunywa mfereji. Jumanne wakawa saba.

*

Jumanne hiyohiyo Ngwali alikwenda Wizarani. Bwana Shembilu alikuwa amerudi kwenye dirisha lake, amechana nywele, amepaka mafuta.

"Nataka chanzo cha pampu," alisema Ngwali.

"Sema taratibu, Mzee! Watu wanasikia."

"Nataka chanzo cha pampu."

Ikumbukwe kwamba programu zile hazikuandikwa na Wizara. Wizara ilizichukua tu kwa watu wa mbali waliozitoa bure kwa walimwengu wote, kwa sharti moja: anayemgawia mwenzake kilichopikwa asimnyime kibichi akikiomba. Serikali ilikuwa imeweka saini kwenye mkutano ulioandaliwa chakula kizuri cha mchana. Ili kutimiza ahadi, ikajenga Ukumbi wa Uwazi, na humo chanzo cha pampu kilitundikwa ukutani chini ya vioo, kurasa tisini na sita. Miaka sita ukumbi ulikuwa wazi, na mgeni wake alikuwa nzi.

"Ruhusa ipo," alisema Shembilu, akafungua kitabu cha kanuni. "Alhamisi, saa nne hadi saa sita. Kwa macho. Hairuhusiwi simu, kamera, flashi, wala mashine yoyote ya kunakili."

"Na penseli?"

Shembilu aliisoma kanuni mara mbili, mara ya pili akifuata kwa kidole. "Penseli haijatajwa."

"Basi haijakatazwa."

"Wala haijaruhusiwa."

"Haijatajwa, mwanangu. Usianze kunitajia mambo ambayo Wizara yenyewe haijayataja."

Jioni ile Ngwali alipita nyumba kwa nyumba, jambo ambalo hakulifanya hata kwa harusi yake mwenyewe. Hakubembeleza mtu. Alisimama mlangoni akasema maneno yaleyale: "Mimi nimeshazika mtu mmoja kwa sababu ya muhuri. Sitazika mwingine kwa sababu ya vigelegele. Alhamisi uje na daftari, na ndoo." Wengi walidhani uchungu umemharibu kichwa. Lakini walikuwa na ndoo tupu, na wagonjwa walikuwa wa kwao.

*

Alhamisi saa tatu na nusu, mbele ya Wizara, zilipangwa ndoo tisini na saba. Ya kwanza ilikuwa ya njano.

Askari wa lango, Koplo Mkude, alitoka akiwa ameshika rungu. "Nini hiki?"

"Foleni," alisema Ngwali.

"Ya nini? Hapa hakuna maji."

"Kwani kwetu yapo?"

Koplo alikuwa na amri ya kuondoa kitu chochote kilichowekwa mbele ya lango. Aliinua buti kuelekea ndoo ya njano, na buti likabaki hewani. Mama yake alimlea vizuri. Akalishusha, akarekebisha kofia, akasema, "Sogeeni upande wa kivulini basi, mnazuia magari."

Habari zilimfikia Mheshimiwa Makeke ghorofani: watu karibu mia moja wamekuja kutazama Ukumbi wa Uwazi, kwa hiari yao. Hakuamini. Alipoamini alishuka na kamera za televisheni, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

"Wananchi wenzangu!" alisema. "Maadui zetu wanasema tunaficha. Je, kioo kinaficha? Kioo ni uwazi ulioganda! Someni! Na msome kwa bidii! Nani hana penseli?"

Mikono ikainuka. Wengi kweli hawakuwa nazo.

"Shembilu! Leta zile za kampeni!"

Shembilu alikitazama kitabu chake cha kanuni, akakifunga. Akaleta maboksi mawili ya penseli, kila moja ina picha ya Mheshimiwa akitabasamu. Wakaingia ukumbini watu tisini na sita, kila mtu akasimama mbele ya ukurasa mmoja, wakaanza kunakili. Waziri alipita nyuma yao akiwapigapiga mabegani. Alidhani wanaandika maoni ya wageni.

Hakuna aliyeelewa alichokuwa akiandika, na hapo ndipo kazi ilipokuwa nzuri. Anayeelewa huruka maneno akijua ameshika maana. Asiyeelewa haruki hata nukta. Wauza vitumbua, mafundi baiskeli, mwadhini, mkunga mstaafu, wote walichora kila alama kama mtu anayechora hirizi.

Ni mmoja tu aliyeruka kitu. Mzee Ngwali alijichagulia ukurasa wa tatu, kwa sababu juu yake aliliona neno analolijua: *Inahitaji*. Chini yake ilikuwa orodha. Kipima kina cha maji. Swichi ya mota. Saa. Akaandika vyote polepole, ulimi nje. Mwisho kabisa, kwa herufi mpya kuliko nyingine, kama mtu aliyejipenyeza foleni, palikuwa na mstari: *salamu-za-kiongozi*.

Alitazama mstari ule. Akatazama chini tena kama upo mwingine. Haukuwapo. Mambo yote yale, siku arubaini na moja zile, na hizi za leo, zilikuwa mstari mmoja ambao mtu aliuandika na mtu angeweza asiuandike.

"Mzee, umemaliza?" aliuliza Shembilu nyuma yake.

"Nimemaliza," alisema Ngwali, na penseli akaiweka sikioni.

*

Kuchapa kulimwangukia Bi Sikudhani. Alikuwa mpiga chapa wa Wizara miaka thelathini, mwepesi kuliko mvua ya mawe, akafukuzwa siku alipouliza anachapa nini. Aliketi kwenye kompyuta ya pampu, na wenye madaftari wakapanga foleni wamsomee.

"Mabano yenye kiuno, fungua!"

"Nimefungua. Endelea."

"Kina, alama ya mdomo wa samaki, mbili. Nukta mkato."

"Mdomo unatazama wapi, shoga?"

"Kushoto."

"Sema hivyo tangu mwanzo, samaki ana pande mbili."

Alichapa Ijumaa, akachapa Jumamosi, vidole vikavimba akavichovya kwenye chai iliyopoa, maji ya kuchezea hayakuwapo. Jumapili asubuhi daftari la mwisho lilifungwa. Ngwali aliandika amri yake ya tano, ambayo fundi mmoja wa zamani alimwonyesha mara moja tu, ya kuiambia kompyuta ipike. Programu ya kupikia ilikuwamo humo miaka yote. Wizara ilikuwa imeamuru iondolewe kila mahali, ila hakuna afisa aliyejua inafananaje.

Kompyuta ilikataa hapohapo. Mstari wa kwanza: haimjui Mwanaidi Chum, darasa la saba B.

Kumbe watu walifundishwa shule kwamba daftari huanza na jina, darasa na tarehe. Wote tisini na sita walikuwa wameandika majina yao juu ya ukurasa, na Bi Sikudhani, aliyezoea kutouliza, aliyachapa yote.

"Niyafute?" aliuliza.

Watu walisogea kutazama. Nchi yao haikuwa na jina, na hapa palikuwa na majina tisini na sita.

"Usifute," alisema Ngwali. "Wale wa mwanzo walioandika, humo ndani mna maneno yao ya pembeni, nimeyaona. Yana alama mbele, na kompyuta inayapita. Tutilie alama hiyo."

Wakatia. Kompyuta ikapika, mistari ikakimbia kwenye kioo, kisha ikasimama ukurasa wa arubaini na moja. Hapo palikuwa na nukta isiyo na kazi. Mkunga mstaafu aliapa kwamba kwenye ukuta ipo, ameiona kwa macho yake, nyeusi, katikati ya neno. Walibishana mpaka mwadhini akakumbuka.

"Bibi, ile haikuandikwa na mtu. Ile ilikuwa kwenye kioo. Ni ya nzi."

Wakaitoa nukta ya nzi. Mistari ikakimbia tena, ikakimbia, ikafika mwisho bila kuomba salamu kwa mtu yeyote. Chini ya sakafu kitu kikakohoa. Bomba likatema kutu, likatema hewa, likatema maji.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilikuwa vya mdomoni.

*

Saa nane mchana magari matano ya Wizara yaliingia Kisimani. Mheshimiwa Makeke alikuwa ameelezwa, na hakuwa na machozi tena. Ndoo zilikuwa zimepangwa kutoka bombani mpaka mlangoni pa kibanda, zimeuziba mlango.

"Maji haya hayana muhuri!" alitangaza. "Kuanzia sasa ni maji haramu! Na wewe Mzee unashitakiwa kwa kunakili, kupika bila kibali, na kupunguza salamu za Kiongozi!"

"Hilo la tatu andika kwa herufi kubwa," alisema Ngwali. "Hayo mawili nilisaidiwa, hilo nilifanya peke yangu."

"Koplo! Ingia uzime pampu."

Koplo Mkude alitazama mlango. "Mheshimiwa, kuna foleni."

"Ondoa ndoo!"

Koplo hakuondoka alipokuwa. Madereva walitazama matairi yao. Shembilu alitazama mbingu. Waziri, kwa hasira, alikwenda mwenyewe mpaka ndoo ya njano, akainua kiatu kinachong'aa. Kisha kwa umri wake wote, na shahada zake zote za heshima, akakishusha. Naye alikuwa na mama.

"Ni ya nani hii?" aliuliza, sauti imepungua.

"Mnamjua. Mlimwandikia barua."

"Basi aje aitoe."

"Mlimwambia asiondoke," alisema Ngwali. "Mimi ningefurahi sana kama angewatii. Sasa, Mheshimiwa, umekuja kwenye maji yetu, utaratibu ni mmoja. Kama una ndoo, mwisho wa foleni ni kule, nyuma ya yule mama mwenye mtoto mgongoni. Kama huna, unatuzibia jua."

Waziri hakuwa na ndoo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukosa kitu ambacho kila mtu anacho.

Ngwali alilala rumande siku tisa. Walimtoa kwa sababu jengo la Wizara lilikuwa limepata maji, wapishi wameoga, na hakuna aliyetaka kuuliza maji yanatoka toleo gani.

Ukumbi wa Uwazi ulifungwa kwa ukarabati. Penseli zikapigwa marufuku nchi nzima, lakini askari walipoanza kuzikusanya wazichome, mwanasheria wa serikali aligundua kwamba kuchoma picha ya Mheshimiwa ni kosa la miaka kumi. Wakazirudisha nyumba kwa nyumba, kwa heshima zote.

Sasa watu wa kata nyingine wanakuja Kisimani na madaftari. Ngwali hawachekei. Anawapa kurasa zote tisini na sita, mbichi, na anawaambia waandike kila alama kama ilivyo, na majina yao juu. Ukurasa wa tatu anawasimamia mwenyewe. Pale uliporukwa ule mstari ameandika neno moja kwa penseli, lenye alama ya pembeni mbele yake: Mwanakombo. Kompyuta hulipita bila kulisoma. Watu hawalipiti.